Alichosikia Mkunga

Mkunga mkuu wa kituo kile cha afya alikuwa na mama mzazi ambaye majirani wote walidhani ni bubu. Wageni wakija, bibi alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akaitikia kwa kichwa, akatabasamu, akanywa chai yake taratibu. Hakuwa bubu hata kidogo. Mlango ukishafungwa aliongea mpaka ukamwonea huruma anayemsikiliza, tena kwa mizaha ya kuvunja mbavu, lakini kwa lugha ya machimboni. Na lugha hiyo, pale mjini, hakuna mtu aliyetaka heshima aliyethubutu kuitamka.

Watu wa machimboni waliishi nyuma ya kilima kilichochongwa kwa kuchimbwa mawe ya kujengea. Walikuwa kabila lao, wana jina lao, ila mjini jina hilo halikuwahi kutumika. Waliitwa Wavumbi. Mkunga alizaliwa huko. Baba yake alipofukiwa na mawe, mama yake alimbeba mgongoni akaja naye mjini, akafua nguo za watu, akamsomesha. Siku ya kwanza ya shule alimwambia kwamba lugha ya kwao ni kama nguo ya kulalia, haitoki nayo mtu barabarani. Mtoto akashika. Akasoma, akavaa sare nyeupe, akawa mkubwa wa wodi ya wazazi, na hakuna mwenzake kazini aliyejua ametoka wapi.

Kwamba wanawake wa machimboni walikufa kwa uzazi kuliko wengine wote, hilo kituoni halikuwa siri. Wauguzi walikuwa na maelezo yao: wale watu ni wabishi, wanapenda mitishamba, wanakuja maji yakiwa yameshafika shingoni. Mkunga alikuwa na maelezo mengine na hakuyasema. Meza yake ilikuwa karibu na dirisha la kibarazani, na chini ya dirisha hilo kulikuwa na benchi walipongojea wanawake hao. Aliwasikia. Alisikia namna walivyoambiana kwamba wameulizwa jambo wasiloelewa, wakakaripiwa kwa kutojibu, wakaambiwa wakaoge kwanza. Alimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Twende zetu. Hapa tutazaa sakafuni huku wanatutazama." Wakaondoka. Mkunga akaita anayefuata.

Mabadiliko hayakuletwa na kituo. Yaliletwa na fundi cherehani mmoja wa machimboni, aliyeitwa Mama Pini kwa sababu kola ya gauni lake haikukosa pini. Mdogo wake alikuwa amefia juu ya mkokoteni, njiani, akiwa na uchungu. Matanga yalipokwisha, Mama Pini hakwenda kumgombeza mtu. Alikusanya wanawake waliojua lugha ya mjini, wakagawana zamu. Kila mjamzito wa kule akawa na mtu wa kumsindikiza tangu mimba ikiwa changa: anamfuata nyumbani, anakaa naye kwenye benchi, anaingia naye chumbani, anamfasiria, na haondoki mpaka mwenzake apimwe. Wanaume nao wakashawishiwa. Walisawazisha njia ya kilimani, na dereva wa lori la mawe akakubali kuamshwa saa yoyote.

Wauguzi mwanzoni waliwaita wapambe. Waliwatolea maneno ya shombo. Mama Pini alijibu, "Sawa, mwanangu, tutangoja," akatoa nguo aliyokuwa akiitia pindo, akashona. Ni vigumu kumfukuza mtu anayeshona. Polepole watu wakawazoea. Polepole misiba ya uzazi machimboni ikapungua, mpaka ikitokea ikawa habari ya kushtua, kama ilivyokuwa mitaa mingine.

Mkunga alifurahi kweli, si kwa kujitia. Aliagiza benchi lisogezwe mbali na jua. Aliwakemea wauguzi wawili waliozidisha. Lakini alizungumza na wanawake wale kwa kupitia mkalimani, kila siku, kwa uso mkavu. Wao wakitaniana pale dirishani, yeye alijitia kusoma.

Asubuhi moja ya mvua Mama Pini alimleta binti mwenye mimba ya kwanza, siku zake zikikaribia. Alimkalisha kitandani, kisha akatoka kwenda getini kuchukua mzigo wa nguo zake uliobaki kwenye lori. Ndani walikuwepo mkunga, wauguzi wawili na daktari kijana aliyehamia karibuni. Daktari alikuwa akihangaika na mashine ya presha iliyokuwa ikigoma. Binti akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema jambo. Akarudia kwa sauti zaidi.

"Anasema nini?" daktari akauliza.

Alikuwa anasema kichwa kinampasuka na anaona cheche mbele ya macho. Mkunga yeyote duniani akiambiwa maneno hayo na mwenye mimba kubwa hangojei mashine, anakimbilia sindano ya kuzuia kifafa cha mimba. Mkunga alifungua mdomo. Akawaona wale wauguzi wawili wanamtazama, ambao kila siku walicheka naye wakinywa chai, na waliochekwa mara nyingi walikuwa Wavumbi.

"Sijui," alisema. "Aitwe mtu wake."

Akamtuma muuguzi mmoja mbio getini. Akaichukua mashine ya presha, akaanza kuifunga upya mwenyewe, akijiambia kwamba mashine itasema, hakuna haja ya yeye kusema. Mama Pini hajafika mlangoni, binti alianza kutupatupa mikono na macho yakageuka.

Walipambana. Walimtia sindano, wakampandisha kwenye gari la wagonjwa, mkunga akiwa naye mpaka hospitali kubwa, mpaka chumba cha upasuaji. Mama alipona. Mtoto hakupona. Daktari kijana alisema baadaye kwamba labda mtoto yule asingeishi kwa vyovyote. Neno hilo "labda" lilimkaa mkunga kooni kama mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki.

Alimweleza mama yake. Alitegemea kukaripiwa, angalau hilo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi ndiye niliyekufundisha," na kwa siku kadhaa akawa bubu kweli.

Miezi ikapita. Ofisi ya afya ikaleta habari kwamba wanawake wa machimboni watatunukiwa mbele ya watu, kwa kazi yao ya kuokoa akina mama wa kabila lililokuwa limesahaulika, na kwamba mkunga mkuu atatoa hotuba. Turubai likafungwa uani. Wanawake walikuja wamesuka nywele, wamevaa magauni ya kitambaa kimoja aliyoyashona Mama Pini, wamejaa kwenye viti vya mbele ambavyo hawakuwahi kukalia. Mmoja alikuwa anacheka peke yake kwa furaha tu.

Mgeni rasmi akaomba mama mmoja aliyesaidiwa aseme neno. Kabla Mama Pini hajamteua mtu, binti yule akasimama mwenyewe, akaenda mbele, akasema kwa lugha ya kwao. Alisema taratibu, bila kulia.

Alisema yuko hai kwa sababu ya wanawake wenzake, walimbeba, walimlisha, walimwogesha alipokuwa hajiwezi. Kisha akasema, "Lakini mwanangu hayupo. Nilisema kichwa kinapasuka. Nilisema naona cheche. Mama yule mwenye sare alinielewa, nilimwona usoni. Sijui aliwaambia nini, lakini hakuwaambia nilichosema."

Mama Pini, aliyekuwa kando yake kama mkalimani, aliwageukia waalikwa. "Anasema anawashukuru wote," akafasiri, "na hasa wauguzi."

Watu wakapiga makofi. Binti alibaki amesimama. Hakujua lugha ya mjini, lakini hakuwa mjinga. Alijua maneno yake yalikuwa mengi kuliko hayo.

Zamu ikawa ya mkunga. Alitembea mpaka kwenye kipaza sauti. Aliona viatu vya mgeni rasmi, vilivyong'arishwa, na akaona hawezi kuinua macho zaidi ya hapo.

"Hakusema hivyo," akasema.

Akayarudia maneno ya binti yote, moja baada ya jingine, kwa lugha ya mjini, pamoja na yale ya sare. Halafu akamgeukia, na kwa lugha ambayo hakuwahi kuitoa nje ya nyumba yake, akamwambia, "Nilikusikia."

Muuguzi mmoja akaziba mdomo. Mgeni rasmi, kama mtu aliyekanyaga kitu asichokijua, akasema ahsante sana, akaharakisha ratiba, akamkabidhi Mama Pini cheti chake. Lakini mpiga picha alikuwa amemwelekea mkunga, na vichwa vyote vilikuwa vimemwelekea mkunga, na wanawake wa magauni mapya walipoitwa kupiga picha ya pamoja nusu yao walikuwa wameshaondoka na binti yule. Makofi yalikuwa machache, ya kukatikakatika.

Watu walipotawanyika, mkunga alimkuta Mama Pini akipanga viti vya kukodi, kimoja juu ya kingine. Alimwomba radhi kwa lugha ya kwao. Mama Pini alimjibu kwa lugha ya mjini.

"Nilijua tangu mwanzo. Tukitaniana pale dirishani, ulikuwa unauma midomo usicheke."

Mkunga akauliza kwa nini hakusema.

"Niseme ili iweje? Ulichagua kuwa wa kwao, tukakuhesabu wa kwao. Ndiyo maana tulikuja na midomo yetu." Akapanga kiti kingine. "Nimeyapotosha maneno ya binti yangu mbele ya watu, nikiogopa kesho mtatufungia mlango. Aibu hiyo ni yangu, nitaipeleka kwake mwenyewe. Lakini wewe, dada, miezi yote hii njia ya kwake ilikuwepo. Tumeisawazisha, hata gari linapita. Hukwenda. Umengoja mpaka pawe na kipaza sauti."

Mkunga aligeuka akatazama upande wa kilima.

"Leo ilikuwa siku ya wanawake wangu," Mama Pini akasema. "Sasa wanarudi nyumbani wakizungumza habari zako."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Akiwa pale mbele alidhani anatua mzigo. Hakuona ameutua miguuni kwa nani. Alishika kiti aanze kusaidia, Mama Pini akakichukua mkononi mwake bila ubaya, akakipanga mwenyewe.

Habari ilienea kama moto wa majani makavu. Kazini baadhi walianza kumsalimia kwa adabu ya kupita kiasi, wengine wakaacha kabisa kumkaribisha chai. Ofisi ya afya ilimwita, ikamhoji, ikampa onyo, ikamwondoa ukubwa wa wodi. Alikubali bila kukata rufaa. Majirani walipokuja nyumbani kupeleleza, bibi aliwajibu mwenyewe kutoka kwenye kiti chake, kwa kirefu, kwa lugha ya machimboni, na wakatoka macho yamewatoka pima.

Mkunga alipanda kilimani. Mara ya kwanza mume wa binti alimwambia kwamba mkewe amelala, na ilikuwa mchana kweupe. Akakaa kidogo juu ya jiwe nje ya uzio, akashuka. Siku nyingine aliambiwa binti amekwenda kisimani, naye aliona kivuli chake nyuma ya pazia. Watoto wa huko walimfuata kwa nyuma wakiiga mwendo wake. Alirudi tena, si kwa kuamini kwamba atasamehewa, ila kila alipofikiria kuacha alimsikia Mama Pini akipanga viti.

Hatimaye pazia lilisogezwa. Binti alitoka, akasimama kizingitini amekunja mikono. Alikuwa amenona kidogo, afya imemrudi. Mkunga akaanza maneno aliyoyaandaa, na binti akamkatiza.

"Wewe ulikuwepo walipomtoa," akasema. "Mume wangu walimkabidhi akiwa amekwisha kufungwa kitambaani. Hakuna mwingine wa kumwuliza. Alilia?"

Mkunga alitaka kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na pengine ingeonekana kama huruma.

"Hakulia," akasema. "Lakini alikuwa hai. Nilimpokea mimi. Alikuwa na nywele nyingi, na mkono wake ulishika kidole changu. Halafu aka…"

Akakwama. Alihama akiwa mgongoni, na lugha aliyoijua ilikuwa ya mama mmoja na binti yake, ya jikoni na ya mizaha. Neno la pumzi zinazopungua moja moja hakuwa nalo. Akaweka kiganja kifuani, akakiinua, akakishusha, akakiinua kidogo, akakishusha, akakiacha hapo.

Binti alikitazama kile kiganja. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Kisha akalitamka neno hilo, neno fupi, la kwao.

Mkunga akalirudia, akalikosea.

Binti akalitamka tena, polepole zaidi, na mkunga akalirudia mpaka likakaa sawa. Hakukaribishwa ndani. Pazia nalo halikushushwa. Binti aliketi kizingitini, akamwambia amweleze tena tangu mwanzo, na safari hii asiruke kitu.