Dhima Haiwekwi Chini

Dhima ililetwa halmashauri wakati wa chai, mikononi mwa tarishi wa mahakama. Ilikuwa na ukubwa wa ndama, ikichuruzika maji meusi, na ilinuka kama kijito cha bondeni, ambako bomba la majitaka la halmashauri lilikuwa likimwaga uchafu tangu pampu iharibike.

"Jaji amesema muibebe," alisema tarishi.

Mkurugenzi aliizunguka, akasema daktari amemkataza vitu vizito. Mkuu wa mazingira alisema yuko likizo.

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi, mzee."

"Basi iwekwe stoo."

"Kisheria haiwekwi chini," alisema mwanasheria, akaendelea kukoroga sukari.

Tarishi alianza kulemewa. Ofisa utumishi akamwita mfagiaji, akamkumbusha kwamba ameajiriwa kufagia, kupiga deki na kufanya kazi nyingine atakazopangiwa.

"Lakini bosi, kesi tulifungua sisi wa bondeni," alisema mfagiaji. "Mwanangu ana vipele mwili mzima."

"Vizuri sana," alisema Mkurugenzi. "Kumbe mnajuana."

Wakamtwisha. Ilimkaa mgongoni vizuri, kama nguo iliyopimwa kwa fundi. Mkuu wa mazingira alirudi kutoka likizo kabla chai yake haijapoa.

Kwa kuwa alikuwa bado amesimama pale, mfagiaji aliuliza kama sasa pampu itatengenezwa. Ombi la pampu lilikuwa mezani, limebakiza sahihi moja. Wakubwa waliliangalia ombi, wakaiangalia dhima, kisha kila mmoja akatia kalamu yake mfukoni.

"Dada yangu, kusaini ndiko kunakoleta mambo haya," mwanasheria alimweleza kwa upole.

Tangu siku hiyo hakuna aliyesaini kitu. Hata salamu za rambirambi zilitoka bila jina la mtu, na wafiwa wakazipokea.

Jioni mfagiaji aliteremka bondeni akiwa ameinama. Bomba lilikuwa likimwaga kama kawaida, na majirani walimpisha njiani wakiziba pua, bila ubaya. Nyumbani, mama mkwe alikuwa kitandani akimpaka mtoto dawa. Mtoto alijikuna, akaangalia mgongo wa mama yake, akaendelea kujikuna.

"Umeshindaje, mwanangu?" aliuliza mama mkwe.

Mfagiaji alijigeuza ubavu ili mzigo upite mlangoni.

"Nimeshinda, mama."