Yai Halijui Kusoma

Tangu arudi kutoka hospitalini, jirani yangu Halimah alikuwa na mikono iliyopasuka kama udongo wa kiangazi. Kila sabuni ya dukani ilimchoma. "Mama Zéphyrin," aliniambia, "nataka kutawadha bila machozi." Nikamwahidi sabuni ya mawese, ile ya mama yangu.

Kule Uvira nilikokulia hatukununua soda ya sabuni. Tulichoma maganda ya ndizi, tukajaza majivu katika chungu kilichotobolewa chini, tukamwagia maji, yakachuruzika siku nzima. Mama alitumbukiza yai katika maji hayo. Likizama, aliyarudisha maji kwenye majivu. Likielea na kutokeza kipande cha ukubwa wa sarafu, alisema, "Leta mawese." Kisha alinifuta pua kwa kiganja kinachonukia moshi. Sijapata tena harufu ile.

Hapa Mbuya, nikianza kuchoma maganda, moshi utaingia nyumba kumi. Kwa hiyo mjukuu wangu Benedicte aliniletea kopo la soda kali kutoka soko la Nakasero. Muuzaji alimwapia kuwa ni soda tupu.

Niliweka maji kwenye ndoo ya plastiki uani, nikatia soda polepole, uso nimeugeuza. Ilitokota kwa fujo. Nikadhani ni ukali tu. Maji yalipopoa, nikatumbukiza yai. Likaelea! Nilifurahi kama mtoto.

"Leta mawese!"

Benedicte hakuinuka. Alikuwa amekaa kizingitini, kopo mkononi.

"Nyanya, humu kuna alumini."

"Yai limeelea, mama."

"Yai linapima ukali. Halijui kusoma."

Nilicheka, ingawa nilitaka kubisha. Akaniletea kopo, akaningoja nifuatishe herufi kwa kidole, bila kunisomea mbele. Soda. Alumini. Chumvi. Rangi. Chini yake: ya kuzibulia mabomba. Tulipochungulia ndooni, tuliona chembe za kijivu zimetulia chini.

Mama aliliamini yai kwa sababu majivu yalikuwa yake. Kila ganda alilimenya mwenyewe. Mimi kopo hili sikulijua.

Halimah akachungulia juu ya ukuta. "Sabuni yangu imeshaota ndevu?"

"Bado, dada. Soda ina uchafu. Nilikaribia kukupikia dawa ya mabomba."

"Yarabi! Na mimi nimeziba wapi?" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Nitangoja. Usiharakishe."

Kesho yake Benedicte alirudi mjini, na safari hii alisoma kwanza. Soda peke yake, asilimia tisini na tisa. Tukakoroga kijiko kimoja katika chupa ya maji: yalipotulia, yalikuwa maangavu kabisa, bila chembe. Ndipo tukapika. Sabuni ikakaa wiki sita kwenye rafu, ikakauka, ikawa na rangi ya asali.

Nilimpelekea Halimah kipande cha kwanza adhuhuri. Akanawa mikono, taratibu, kidole kwa kidole, mimi nikimmiminia maji. Nilitazama uso wake, si mikono. Haukukunjamana.

"Ongeza maji," akasema, "nianze udhu."

Nikaongeza.