Folda ya Yared

...na Nikolaus bado anaongea, sauti yake inatoka kwenye simu niliyoiegemeza kwenye kikombe cha chai, nyuma yake malori ya Mikumi yanashika breki kwenye matuta, "dada Yudith, mimi naona kifurushi cha programu yetu kimwage kila kitu kwenye folda ya /var/www, ndiko seva inakoangalia, mwalimu akimaliza kuinstoli anafungua tu anasikia sauti, hana haja ya kujua kingine," na mimi nasema mm, ile mm ya kumjulisha kwamba nipo, wakati macho yangu yako kwenye skrini, ndani ya folda hiyohiyo anayoitaja, ila hii ni ya mashine ya hapa Kilosa, na faili zilizomo alizipa majina mdogo wangu Yared, kwa herufi ndogo bila kuacha nafasi, mama-anatwanga, shangazi-anaimba-mvua, mama-anakohoa-halafu-anacheka... nani mwingine duniani angeita faili hivyo, angeandika kikohozi badala ya kukikata, lakini Yared alikuwa hakati, alisema ukikata kikohozi umemkata mama, na leo mama hayupo na Yared mwenyewe hayupo, alituacha masika yaliyopita, homa ya siku chache tu, na kikohozi kipo, nikibofya hapo kitasikika, sibofyi... "dada, unanisikia?" nakusikia Nikolaus, endelea, namwambia, na anaendelea, kijana mwema huyu, mchapakazi, programu ya kusikilizia sauti za wazee tumeiandika wawili, mimi huku na yeye kule, na kesho walimu wa Tindiga, Ruhembe na Zombo wanakutana Mikumi kwenye semina, kila mmoja ataondoka na kifurushi kwenye flashi, akifika shuleni kwake anakibofya na kompyuta inafanya yaliyobaki, ndiyo maana anataka jibu sasa hivi, faili za programu zikae wapi, swali dogo, mtu akitusikia atadhani tunabishana pa kuweka kabati, na nimechoka, ningesema haya, weka hukohuko, tukaagana nikanywa chai yangu, ingawa najua walioutengeneza mfumo wenyewe wanasemaje, wanasema kifurushi kikae /usr/share, sehemu ya mfumo, kisha kiielekeze seva kule, na /var/www aachiwe mwenye mashine aweke vyake, Yared ndiye aliyenifundisha, tumekaa hapahapa, mabati yanalia kwa joto na dirisha linatazama reli, "Yudi, huku ni kwa mwenye mashine, programu ikija ni mgeni, mpe mgeni mahali pake," alipenda kuniita Yudi, hakuna tena anayeniita Yudi... na Nikolaus naye ana hoja, si kwamba hana, "lakini dada, hiyo /usr/share nani anaijua, mwalimu akitaka kubadilisha picha ya shule ataitafuta wapi, /var/www wameshaizoea, mwalimu Theodory wa Zombo ameshaweka humo sauti za wazee alizorekodi na wanafunzi wake, amezunguka nazo vijijini kwa baiskeli," anasema kwa kumsifu, kama ndiyo sababu ya kuiweka programu humo, na mimi nauliza, na kifurushi kikiondolewa je, au likija toleo jipya, na anajibu kwa furaha, nasikia anatabasamu, "hapo ndipo nilipofanya kazi dada, kinafuta folda nzima, kinasafisha, hakiachi takataka yoyote," takataka, amesema, na mkono wangu unatoka kwenye kibodi wenyewe, kwa sababu nimeiona kona... kona ya sebule yetu, mwaka ule mto ulipovunja tuta na maji yakaingia mjini usiku kucha, sisi nyumba yetu ilikuwa juu, upande wa kanisani, asubuhi watu wanapanda na magodoro kichwani, matope mpaka magotini, na mama amesimama mlangoni anaita kama vile anakaribisha harusini, ingieni, ingieni, na aliyeingia ni Mama Mwanvua na wanawe kutoka kule bondeni, tukamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba wanangu huku meno yanagongana kwa baridi, na mama akamwonyesha kona ya sebule chini ya rafu, wekeni mizigo yenu hapo, hapo ni penu, akasahau, nyumba imejaa watu, uji unafurika jikoni, mtoto wa mtu analia, akasahau kwamba pale konani palikuwa na kifurushi chetu, kanga iliyofungwa fundo, ndani yake vitu vya marehemu baba, mkanda wake, kitabu chake cha nyimbo za kanisani, na picha yake, ile moja tu, amesimama stesheni na sare ya reli, kofia ameishika mkononi, nasema kofia ameishika mkononi lakini sijui tena kama naikumbuka picha au nakumbuka tulivyokuwa tukiisimulia... walikaa nasi, tulikula nao, Mwanvua alilala mguuni kwangu, mpaka gari la kuwapeleka kwenye mahema likaja ghafla, dereva anapiga honi, mvua inaanza tena, wakakusanya kila kilichokuwa konani, chote, waliambiwa hapo ni penu, na sisi tukawapungia mikono barabarani hatujui kwamba baba naye yumo garini... halafu mahema yale yakavuja, mizigo ikalowa ikakaa imelowa, na Mama Mwanvua alipokuja kulifungua lile fundo na kuona si lake alirudi kwa miguu, namwona bado, kanga ameibeba kwa mikono miwili mbele yake kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa, amefika uani anaifungua, picha imegandamana na kitambaa, stesheni inaonekana, sare inaonekana, uso umeondoka na rangi, na sikuwahi kumwona mama akilia lakini siku ile hata hakulia, alimshika yule mwanamke mkono akamketisha kwenye kigoda akamwambia, "Hukuiba, mwenzangu, na hukukosea, kosa ni langu, nimekupa kona yenye vitu vyetu, ungejuaje kipi ni kipi," wakabaki marafiki mpaka mwisho, Mama Mwanvua ndiye aliyemwosha mama alipofariki, lakini uso wa baba haukurudi, na Yared alikuwa mdogo kuliko mimi, hakuwa na uso mwingine wa baba ila ule wa kwenye picha, jioni moja tumeshakuwa watu wazima akaniuliza taratibu, kana kwamba anauliza njia, "Yudi, baba alikuwa na mwanya?" na nikaitafuta picha kichwani, nikatafuta, nikakosa... na ni baada ya hapo alipokuja na kinasa sauti chake, akawa anamfuata mama uani, jikoni, mtoni, mama anamfukuza kwa mwiko, wewe mwanaume mzima hebu niache nitwange, na kwenye rekodi hiyo mwiko unasikika, hebu niache kwa Kikaguru kisha kicheko, "picha ilishakwenda," alisema Yared, "sauti tusiiache iende"... "dada Yudith? Au mtandao?" hapana Nikolaus, nipo, nafikiri, namwambia, na nafikiri kweli, namfikiria mwalimu Theodory asiyenijua, juu ya baiskeli yake, anainstoli kifurushi chetu kwa moyo mweupe, na siku moja akikiondoa, au sisi tukimletea toleo jipya, kifurushi kinafanya kilivyoagizwa, kinakusanya kila kilichomo kwenye kona tuliyokiambia ni yako, na kuna mtoto huko Zombo atakayekuja kuuliza babu alikuwa na sauti gani, na hakutakuwa na mtu wa kurudi kwa miguu, hapana, nasema hapana kwa sauti, namwambia Nikolaus kiende /usr/share chote, /var/www tusiiguse hata kwa kidole, kikiondoka kiondoke na vyake tu, na mwalimu tutamwandikia ukurasa mmoja kwa lugha nyepesi, vyako weka hapa, vya programu viache pale, na anavuta pumzi, najua nimemwongezea kazi ya jioni nzima, lakini habishi, anasema tu, polepole, kama mtu anayehakikisha ameelewa, "sawa dada, basi ile folda ni ya mwenye mashine, lakini mwenye mashine hasa ni nani, maana mwalimu atahama, mkuu wa shule atahama, hata hiyo ya kwako hapo Kilosa, nikiandika kwenye huo ukurasa kwa mfano, mwenyewe nimtaje nani?" na mdomo wangu umeshafunguka, jina limeshafika kwenye ulimi, Yared, na halitoki... kwa sababu shangazi Anitha nilimrekodi mwenyewe mwezi uliopita, amekaa kwenye mkeka anachambua mboga, ameimba wimbo wa mavuno ambao Yared hakuwahi kuupata, na rekodi ile nimeificha kwenye folda yangu binafsi, pembeni, sijathubutu kuiweka kwenye hii ya Yared, tangu masika nimekuwa naifungua naitazama naifunga, kama mtu anayechungulia chumba cha mwenye nyumba aliyesafiri, nabisha hodi kwenye mashine ninayoiwasha mimi, ninayoifuta vumbi mimi, umeme ukikatika ninayekimbia kuiokoa ni mimi, na mama hataimba tena na Yared hatarekodi tena na shangazi bado anaimba... lori lingine linapita kule Mikumi, honi inarefuka hadi inaisha, chai yangu bado ina joto, Nikolaus anangoja aandike, na kwenye skrini majina ya Yared yamejipanga na chini yake pana nafasi tupu, nyeupe, imekuwapo muda wote huu, andika jina langu, Nikolaus, nasema moyoni kwanza nisikie linavyosikika, mwenye mashine ni mimi.