Pini ya Tatu

Mafua yalikuwa yameondoka zamani, na yaliondoka kama mgeni asiye na adabu: mwenyewe kaenda, mzigo kauacha. Mzigo huo ulikuwa kikohozi kikavu, hakina kohozi wala homa, kilichomvizia fundi cherehani kila alipocheka, alipopanda ngazi, au vumbi la vitambaa lilipomwingia puani. Na chumba cha kushonea, kwa vumbi la vitambaa, hakijambo.

Mkewe, aliyekaa upande wa pili wa chumba akishikiza vifungo, alikuwa amemsihi aende hospitali mpaka amechoka kusihi. Fundi alitia pamba masikioni. Kaka yake alikohoa hivyohivyo. Alisema ni vumbi tu, akasema ni baridi tu, na siku alipokubali kwenda alikwenda akiwa amebebwa, wala hakurudi. Hilo mume na mke walilijua wote wawili, na ndiyo sababu fundi hakutaka kupimwa. Asiyepimwa haumwi: hiyo ndiyo hesabu yake, na mtoto angeikosoa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mkewe alimwambia asubuhi ile.

"Naficha nini, mama watoto? Si mtaa mzima unanisikia!"

Fundi alikuwa na mazoea mengine yasiyofaa, ya kubana pini midomoni anapopima nguo. Alibana tatu, hazizidi hazipungui. Mwaka waliooana mkewe alimshonea kimto cha kuchomekea pini, cha kuvaa mkononi kama saa, naye akakishukuru sana na kukitundika ukutani. Alisema mdomo uko karibu zaidi.

Mchana akaja karani wa benki kujaribu gauni lake. Alipanda juu ya kigoda, fundi akapiga magoti kupima upindo, pini zake tatu midomoni, na kabla hajachomeka hata moja kikohozi kidogo kikampita.

"Fundi," karani akamtania, "wanasema mapenzi na kikohozi havifichiki. Kimoja tumeshakisikia. Hicho kingine umekiweka wapi?"

Fundi akacheka. Kucheka kukamtekenya koo, akavuta pumzi kwa nguvu, kisha akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Alipotulia, hakuwa na pini hata moja midomoni.

Moja ilikuwa imenasa kwenye gauni. Ya pili ilikuwa juu ya kiatu cha karani. Ya tatu haikuonekana. Mkewe akachukua sumaku ya kuokotea pini, akaipitisha sakafuni, chini ya meza, mpaka nyuma ya kigoda. Hapo alikawia kidogo. Kisha akainuka, akatia sumaku mfukoni.

"Hakuna," alisema. "Baba watoto, iko ndani yako."

Fundi akashika kifua. Karani alivua gauni chumba cha nyuma akiomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyemlisha pini, duka likafungwa, na mume na mke wakashika njia. Fundi alitembea taratibu, kifua mbele, akikizuia kikohozi kwa nguvu zake zote, maana aliamini kila kishindo kingeizamisha pini zaidi. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Kwa kikohozi alichokiita upepo tu, maneno ya mkewe ya mwaka mzima yasingemtoa dukani; pini moja ilimtoa mara moja.

Hospitali walimpiga picha ya kifua. Daktari akaitazama, akaitazama tena.

"Pini siioni. Na hiki kikohozi ni cha lini?"

"Cha juzijuzi," fundi akasema.

"Cha tangu mafua," mkewe akasema. "Na kaka yake alikufa na cha namna hiyo."

Basi daktari akamweka chini. Akamsikiliza mgongo, akamuuliza kama anatoka jasho usiku, kama amekonda, akaagiza na vipimo vingine. Majibu yalipotoka akamwambia mapafu yake ni safi. Mafua yameacha koo na njia za hewa zina mwasho, na mwasho huo huchukua majuma kuisha. Anywe maji ya uvuguvugu, alambe asali, ajifunge kitambaa puani anapokata nguo. Kisipopungua, arudi.

Fundi alirudi dukani akitembea kama bwana harusi.

"Si nilikwambia? Upepo tu!" Akakaa kwenye kiti chake, akakuna kichwa. "Lakini hiyo pini imekwenda wapi?"

Mkewe akatoa sumaku mfukoni, akaiweka mezani. Pini ilikuwa imeganda pembeni yake.

Fundi akaivuta sumaku karibu.

"Ulikuwa nayo tangu mwanzo?"

"Tangu nyuma ya kigoda."

"Mwanamke wewe! Njia nzima ile mimi nilikuwa maiti inayotembea, na wewe unanitazama tu!"

"Kaka yako tulimbembeleza kwa maneno," mkewe akasema. Akakaa mahali pake, akachukua sindano na kifungo. "Wewe umekufa leo mchana mmoja. Mimi tangu mafua yaishe, kila ukikohoa nakuzika."

Fundi akanyoosha mkono kwenye sumaku. Akaibandua pini, na mkono, kwa mazoea, ukaipeleka mdomoni. Ukaishia njiani. Akainuka, akakitungua kile kimto ukutani, akakikung'uta vumbi, likampalia, akakohoa. Mkewe aliendelea kushikiza kifungo.