Birika Mbili za Adano

Siku ya nikaha ya pili Adano aliapa kugawa sawa, na kwa vitu vya kushikika alijitahidi. Hoda, mke mdogo, akinunuliwa leso, Gumato mkubwa alipata ya rangi hiyohiyo. Mbuzi akichinjwa, hata ini lilipimwa kwa jicho na kisu. Kwa hiyo stima ilipofika ploti yao pale Bula Pesa, miaka michache baada ya serikali za kaunti kuja, Adano alileta birika mbili za stima kutoka duka la Kiarie. Nyeupe zote, mapacha kabisa.

Ugomvi ukaanzia hapo hapo penye usawa.

Adano alikuwa dereva wa lori. Akitoka Garbatulla na vumbi hadi kwenye kope, aliketi pale chai ilipotangulia kuiva, na chai ilitangulia kwa Hoda. Gumato, akiwa ng'ambo ya ua, alisikia birika ya mwenzake ikijizima, tak! Yake bado ilikuwa inaguna kama mzee anayetafuta kiatu. Ilipokuja kuchemka, mabati ya Hoda yalikuwa yameshatikisika kwa vicheko.

Chai si kitu. Habari za njiani ndizo zilizomkaba Gumato. Miaka yote yeye ndiye aliyesimuliwa kwanza: nani amekwama mtoni, ngamia wa nani amepotea, mzee gani ameoa tena kwa ujinga. Sasa zilimfikia zimepoa, na Adano alizisimulia akipiga miayo.

"Amempa iliyo nzima, akaniletea kilema," alijiambia. Hoda alipoingia kuoga, Gumato akavuka ua na birika chini ya leso, akabadilisha. Jioni akaketi akitabasamu peke yake.

Tak! Kwa Hoda tena.

Kesho yake hakukuwa na staha. "Baba Sharamo, nyumba yangu umeinyima nini?" Gumato akamuuliza mumewe.

"Wallahi nimegawa sawa!"

"Labda ni mkono, Mama Sharamo," Hoda akasema kwa upole uliokuwa na sindano ndani. "Mkono mwingine ni mzito."

"Mkono wangu ukiwa mzito utaujua wewe mtoto."

Adano akamkimbilia Mutuma, fundi wa stima, kabla mikono haijapimwa uzito. Mutuma akaja na mita yake ya kupimia. Akaanzia kwa Hoda, birika ikiwa inachemka. "Volti mia mbili arobaini, ampea nane." Akavuka kwa Gumato. "Volti mia moja themanini, ampea sita."

"Umeona!" Gumato akaruka. "Yangu ni kilema!"

"Ngoja, mama. Volti ni nguvu inayosukuma stima. Ampea ni stima yenyewe inayopita. Gawanya volti kwa ampea, unapata omu, yaani ukaidi wa birika. Mia mbili arobaini kwa nane?"

"Thelathini," Hoda akadakia. Alikuwa amefika kidato cha nne, na hakuwahi kuliacha jambo hilo lisahaulike.

"Na mia moja themanini kwa sita?"

Gumato alihesabu kwa vidole ndani ya leso, asimpe mwenzake nafasi. "Thelathini! Eh! Sawa?"

"Sawa kabisa. Birika hazina kosa. Lakini joto ni wati: volti mara ampea. Kule inapata elfu moja mia tisa na ishirini. Huku, elfu moja na themanini tu. Volti sitini zimeliwa njiani."

Wote wakaifuata njia kwa macho. Mita ya stima ilikuwa nyumbani kwa Hoda, karibu na geti. Kutoka pale hadi kwa Gumato, juu ya choo na jiko la kuni, ulining'inia waya mwembamba ambao Adano aliufunga mwenyewe. Ulikuwa wa spika za lori, uliobaki.

"Vitu nimegawa sawa," Adano akanung'unika. "Waya nani anahesabu?"

Mutuma akaugusa, akatoa mkono haraka; ulikuwa wa moto. "Volti sitini mara ampea sita: wati mia tatu sitini zinapasha waya huu. Utawachomea nyumba." Akazima stima, akaukata. "Mpaka mlete ule mnene."

"Basi nitachemshia pale penye stima," Gumato akasema, akabeba birika yake hadi kwa Hoda, akaketi kwenye mkeka kama aliyezaliwa hapo.

Wakachemsha pamoja. Tak! Tak! Vikombe viwili vikawekwa mbele ya Adano, maziwa ya ngamia yakielea sawasawa. Ndipo Gumato alipoingiwa na baridi. Leo hakukuwa na waya wa kusingizia. Mkono wa Adano ukinyooka upande wa kikombe cha Hoda, basi ni moyo wake, na moyo haubadilishwi kwa waya mnene.

Mkono ukaanza kunyooka. Gumato akauwahi, akanyakua kikombe cha Hoda.

"Cha mdogo wangu naonja mimi."

Hoda alimkazia macho, akaelewa, akanyakua cha Gumato. "Na mimi cha dada."

Adano akabaki na mkono hewani. "Na mimi?"

"Maji yapo," wakamjibu. "Simulia kwanza. Tunasikia sote."

Gumato akanywa. Ilikuwa tamu, tena tangawizi imekolea vizuri kuliko yake. Hilo lilimuuma hadi kikombe kikaisha.