Mwenye Maduka Matatu

Mama Tanuri hakutulia siku hiyo. Tangu afisa wa kampuni ya mikate atoke, alikuwa amefuta kaunta iliyokwisha kung'aa, amepanga upya mikate iliyopangwa, na sasa alikuwa akimgombeza mumewe kwa kosa la kukaa kitini.

Zamani, kampuni ilipokuwa changa, haikumpa mtu haki ya kutumia jina lake mpaka aape kusimama mwenyewe mbele ya tanuri. Mama Tanuri alikuwa wa kwanza kuapa. Wote waliomfuata waliletwa kwake kwanza wakande, waungue vidole, mpaka aseme huyu ameiva. Sasa kampuni imekomaa, na watu wa duka mojamoja wanaichosha. Inataka wachache wenye mengi. Kwa hiyo afisa alisema kwa upole: mkataba ukiisha, uchukue maduka mengine mawili, au uuze.

Mnunuzi hakuchelewa. Bwana Matawi alikuwa mwanafunzi wake, tena yule wa kuunguza trei nzima nzima. Siku hizi maduka yake hayahesabiki na unga anauona kwenye picha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kununua mkate au kuninunua mimi?"

Alicheka huku macho yakipima kuta. "Utabaki hapahapa, mwalimu. Utakuwa meneja wangu."

"Ili nikuombe ruhusa ya kwenda chooni?"

Alipoondoka, mumewe akajikohoza. "Uza, mke wangu, tupumzike. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Mithali zako kawauzie wasio na tanuri. Nikipumzika nitafanya nini, nihesabu nzi?"

Ukweli ni kwamba aliogopa. Mungu hakuwajalia mtoto. Tanuri ndilo lililompa jina la umama, na bila hilo hakujua angeitwa nani.

Akayachukua yale maduka mawili, kwa hasira zaidi kuliko akili. Kuanzia hapo akawa mtu wa funguo na simu. Huku mashine imegoma, kule muuzaji hajafika, na duka lake la kwanza kamwachia meneja. Mkate alikuwa akiuonja tu, tena wima.

Asubuhi moja aliingia duka la tatu, akanusa unga uliochachuka kupita kiasi. Akafurahi: hatimaye kazi ya mikono. Akavua saa, akakunja mikono ya gauni, akazamisha mikono ndani ya beseni mpaka viwiko.

Binti wa kaunta, aliyeajiriwa na meneja wa duka hilo juzijuzi, akaja mbio.

"Samahani, mama, huku wateja hawaruhusiwi."

Mama Tanuri akafungua mdomo aseme yeye ni nani. Simu ikaanza kuita mfukoni. Bila shaka duka la pili hilo. Akamtazama yule binti, aliyekuwa ameziba njia ya kwenda kwenye tanuri kwa mwili wake mdogo, habanduki.

"Uko sawa, mwanangu," akasema. "Nipe maji ninawe."