Kura Tatu kati ya Tisa

Asubuhi ya mchujo wa wagombea wa chama, mkunga alikuta ukuta wa nyumba yake umeandikwa kwa rangi nyekundu: RUDINI KWENU. Alizaliwa humohumo, na baba yake pia. Lakini ngozi yao haikufanana na ya majirani, na hilo halikuwahi kumnyima usingizi mpaka alipotangaza kuwa anautaka udiwani.

"Jitoe, dada," mdogo wake alimsihi huku akisugua ukuta. "Leo wameandika. Kesho je?"

Hakujitoa; alijifunga kitambaa kichwani, akashika njia.

Ofisi ya chama ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la misumari na saruji. Wajumbe tisa walikuwa wameizunguka meza. Wengi wao aliwapokelea watoto au wajukuu kwa mikono yake.

"Mama, sisi wenyewe hatuna neno na wewe," mwenyekiti alianza, macho kayainamisha. "Sifa unazo. Ila huko nje watu hawajawa tayari kuiona rangi yako kwenye bango. Tukikusimamisha, tumekwisha."

"Watu gani?"

"Wapiga kura."

"Kwani nyie mnapiga nini, makofi?" Akamgeukia mjumbe mmoja, fundi bomba. "Wewe ungenipigia?"

"Kwa mikono miwili, mama!"

Akawauliza wote. Wote tisa waliapa wangempigia.

Kura zikapigwa kwa siri. Katibu, naye mmoja wa wale tisa, akavikunjua vikaratasi kimoja kimoja. Mkunga alipata tatu.

Hakuna aliyeshtuka. Wakainuka kumpa mkono, na kila mmoja akamnong'oneza, "Mimi nilikupa wewe." Sita walikuwa wanamdanganya mchana kweupe, na sauti zote zilikuwa na upole uleule.

Jumatatu alirudi zamu kwenye kituo cha afya. Saa nne katibu akamleta mkewe, uchungu umemshika.

"Tuko mikononi mwako, mama yetu," katibu alisema akitabasamu.

Mkunga alimchunguza usoni, asijue kama alikuwa kati ya wale watatu au wale sita. Mwanamke akapiga yowe. Mkunga akavaa glavu, akafanya kazi yake, na saa saba mchana mtoto wa kike akazaliwa salama.

Kilichobaki ni kutoka kwenda ukumbini kumpa baba mtu habari njema. Alilishika pazia la mlango, akasimama hapo muda mrefu, akiogopa kulifungua na kukutana tena na upole uleule.